Mtoto wa Thelathini na Tisa

Verlene Tubbs alikuwa na kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Kilikuwa nyuma ya kaunta ya ofisi ya Shule ya Msingi ya Quillen, Mississippi, na kwa miaka ishirini na saba alikikalia yeye peke yake, mpaka mto wake ukabonyea pale pale alipoutaka. Wakuu wa shule sita walikuja na kuondoka, yeye yupo. Alimjua mwenye pumu, alimjua ambaye baba yake haruhusiwi kumchukua, na alimjua anayesingizia tumbo kwa sababu hakufanya hesabu za jana. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa karani wa mahudhurio. Mtaani alikuwa Bi Verlene, na wanaume wazima wenye masharubu walificha sigara walipomwona anaingia dukani.

Mwaka huo, 2006, shule ilikuwa roho mkononi. Waheshimiwa wa Washington walikuwa wametunga sheria kwamba kila mwaka watoto wapimwe kwa mtihani, na wapimwe kwa makundi: weusi, weupe, maskini, wanaojifunza Kiingereza, na wale wa darasa maalumu, ambao kujifunza kwao ni kwa taratibu. Kundi moja likianguka, shule nzima imeanguka. Quillen ilikuwa imeanguka miaka minne mfululizo. Ikianguka wa tano, bodi ya wilaya ilikwisha kusema wazi: shule itafungwa, walimu watamwaga unga, na watoto watasombwa kwa basi maili ishirini na sita kwenda mji wa jirani. Ile shule ya binafsi ng'ambo ya reli, ambako wazungu waliwahamishia watoto wao mwaka sabini mahakama ilipoamuru weusi na weupe wasome pamoja, sheria haikuigusa hata ukucha. Hilo lilimkera kila mtu Quillen, na lilistahili kukera.

Walimu walijitahidi, tena si kidogo. Jumamosi walifundisha, na kabla ya jua kuchomoza walikuwa wameshawasha taa za madarasa. Mwezi Mei mitihani ilipofanyika, hata wenye kukata tamaa mapema walianza kutabasamu. Lakini sheria ilikuwa na kipengele kingine, na hicho ndicho kilichomtoa Bi Verlene jasho jembamba. Katika kila kundi, watoto tisini na watano kwa kila mia lazima wakae kwenye mtihani. Darasa maalumu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja, kwa hiyo walitakiwa wasipungue thelathini na tisa. Waliofanya walikuwa thelathini na wanane.

Wiki moja ilitolewa kwa waliokosa, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Watoto watatu hawakuonekana. Mmoja alikuwa Chicago na familia yake kumzika babu. Wa pili alichukuliwa na baba yake kwenda Texas, na simu ya baba ilikuwa imekatwa. Wa tatu alikuwa binti wa miaka kumi aitwaye Keyonna Strong, aliyehamia Quillen mwezi Januari na mama yake. Bi Verlene alipiga simu ya mama, haikupokelewa. Mama huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchuna kambare, na mle ndani kelele ni nyingi, simu hazisikiki. Kwenye daftari Bi Verlene akaandika: mgonjwa, labda.

Alhamisi mchana mkuu wa shule, Ransom Pettway, alitoka ofisini kwake akaegemea kaunta. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alisoma hapo hapo. Goti lake la kushoto lilikuwa na kovu ambalo Bi Verlene ndiye aliyelifunga bandeji.

"Bi Verlene, unajua kundi likiwa chini ya arobaini halihesabiwi kabisa?"

"Najua."

"Yaani wangekuwa thelathini na tisa tu pale darasani, tusingekuwa na tatizo. Majina mawili. Mtu akisema watoto wawili hawahitaji tena darasa maalumu, kwenye karatasi tu..."

"Ransom."

Hakumwita hivyo mbele za watu.

"Mimi nimekupangusa kamasi," Bi Verlene akasema. "Usinitie aibu uzeeni."

"Nilikuwa nafikiri kwa sauti tu, mama."

"Kafikirie kimya kimya."

Pettway alirudi ndani akafunga mlango polepole. Bi Verlene hakutulia, kwa sababu kitu kile kilikuwa rahisi, na yeye alijua urahisi wake kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo lile. Akaanza kusafisha kaunta. Pale pembeni palikuwa na mkebe wa bati uliokuwa na vikeki vya chai. Cleotha, dereva wa basi la asubuhi, aliuleta Jumatatu ya wiki ya mtihani akasema, "Mama Ozella anawasalimu," na ofisi nzima ikavila vile vikeki siku nne bila kuuliza kulikoni. Sasa ulibaki na makombo tu. Bi Verlene aliuosha kwenye sinki, akaugeuza ukauke, na chini yake akaona kipande cha utepe kilichoandikwa kwa wino: O. STRONG.

Aliwahi kuuosha mkebe huu. Aliuosha mwaka themanini na sita, na themanini na saba, na miaka miwili iliyofuata, kila mwaka wiki ya mtihani.

Ilikuwa hivi. Zamani zile, kabla ya sheria hii, matokeo ya shule yalitangazwa gazetini, na mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alipenda sana gazeti. Kila mwaka ulipokaribia mtihani alimpa karani wake orodha fupi ya majina na kumwambia azungumze na wazazi kwa upole. Bi Verlene alikuwa na sauti nzuri ya simu. "Mama Ozella, kesho kuna mtihani. Kwa nini Lashunda asipumzike nyumbani? Tusije tukamvunja moyo mtoto." Na Mama Ozella, ambaye binti yake Lashunda alikuwa mzito wa kusoma, alijibu, "Mungu akubariki kwa kumfikiria mwanangu." Asubuhi yake ulikuja mkebe wa vikeki.

Keyonna alikuwa mtoto wa Lashunda. Bibi yake alikuwa anaifanyia shule wema ule ule.

Bi Verlene hakuaga mtu. Alichukua mkebe na funguo za gari lake, Buick, akaenda.

Nyumba ya Mama Ozella ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, shamba la pamba likianzia pale uzio unapoishia. Bibi mwenyewe, miaka sabini na minne, mama wa kanisa anayevaa nyeupe kila Jumapili ya kwanza, alikuwa barazani akichambua majani ya haradali kwenye beseni. Keyonna alikaa ngazini, nywele zimesukwa zikang'aa, afya tele. Hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa uchovu wa kukaa bure.

"Verlene! Umejisumbua kuleta mkebe? Si ungempa Cleotha tu. Vilikuwa vitamu?"

"Vitamu mno, Mama Ozella. Mama, mbona Keyonna hatumwoni shuleni?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Si bado wanafanya mitihani? Lashunda anataka ampeleke, nikamwambia, wewe hujui, mimi ndiye najua. Niachie mtoto mpaka wamalize. Mimi si mgeni wa mambo haya, mwanangu. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Keyonna," Bi Verlene akasema, "hebu nenda kaniletee maji, mpenzi."

Mtoto akaingia ndani. Bi Verlene hakukaa kwenye kiti alichooneshwa. Angeweza kusema sheria imebadilika, siku hizi wanataka kila mtoto, hebu nipe huyu twende. Ingekuwa kweli, na ingetosha. Bibi angemvalisha mtoto viatu na mambo yangeishia hapo. Lakini alijua ukweli usipotoka leo atazikwa nao.

"Mama Ozella, zile simu nilizokupigia. Hazikuwa za huruma."

"Hazikuwa nini?"

"Tulikuwa tunawaficha. Mkuu alitaka namba nzuri gazetini, na mtoto asiyefanya mtihani haharibu namba. Alinipa orodha, nikapiga simu. Lashunda alikuwa kwenye orodha kila mwaka. Nilikwambia tusimvunje moyo, na sikuwa nawaza moyo wake. Nilikuwa nawaza kazi yangu."

Mikono ya Mama Ozella ilisimama juu ya beseni. Upande wa shambani trekta lilikuwa linanguruma, likafika mwisho wa mstari, likageuka.

"Miaka minne, Verlene," akasema. "Miaka minne nimekuokea vikeki."

"Ndiyo, mama."

"Siagi nilikopa kwa jirani."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa umekuja kwa sababu mnataka nini?"

Bi Verlene akamweleza yote: thelathini na wanane, thelathini na tisa, Ijumaa saa tisa, shule kufungwa. Alipomaliza, mambo yote yalionekana mabaya maradufu. Kwanza walimtaka mtoto wa nyumba hii abaki nyumbani kwa ajili ya namba, na sasa wanamtaka aje kwa ajili ya namba. Hata yeye alilisikia hilo likitoka mdomoni mwake.

"Nenda nyumbani, Verlene," Mama Ozella akasema. Hakupandisha sauti. Mkebe ulibaki ngazini.

Ijumaa asubuhi basi la Cleotha lilifika na kushusha watoto, na Bi Verlene akawahesabu mlangoni mmoja mmoja. Keyonna hakuwemo. Saa mbili na nusu Pettway alitokea, tai imepinda, macho mekundu.

"Atakuja?"

"Sijui."

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Eh, Bi Verlene," mkuu akasema, akajifuta uso kwa kiganja. "Katika siku zote za kusema ukweli, ukachagua jana."

Akacheka mwenyewe, kicheko kibovu, na Bi Verlene naye akacheka, maana wangefanya nini? Mwalimu wa darasa maalumu alikuwa ameshaandaa meza karibu na dirisha, penseli mbili zimechongwa, karatasi bado imefungwa. Kwa mtoto wa mwendo wa Keyonna, kusoma na hesabu vingechukua siku nzima. Ikifika saa nne bila yeye kuja, hakuna haja.

Saa tatu na dakika kumi kigari chekundu kilichobonyea mlango kikasimama mbele ya bendera. Mama Ozella alitoka kwanza. Alikuwa amevaa gauni la zambarau na kofia ya kanisani yenye manyoya, mkoba mkononi, kana kwamba Ijumaa ilikuwa Pasaka. Akafuata Keyonna. Upande wa dereva akatoka mwanamke wa miaka ishirini na saba, mabuti ya mpira mpaka magotini, kofia ya wavu kichwani, ananuka kambare. Bi Verlene alikuwa hajamtazama Lashunda Strong usoni tangu alipokuwa na meno ya mbele yanayong'oka.

"Huyu hapa," Lashunda akasema kwenye kaunta. "Atafanya. Lakini asitishwe."

"Hatatishwa. Lashunda, mwanangu, mimi..."

"Mama kanisimulia." Alishusha sauti ili mtoto asisikie. "Yeye ndiye alikuwa hajui, Bi Verlene. Mimi nilijua. Watoto wote wa ile orodha tulijua. Tulikuwa tunajuana."

Bi Verlene akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele yake.

"Nisamehe," akasema.

"Saa nne naingia kazini," Lashunda akajibu. Akainama akamshika Keyonna mabega, akamwambia jambo sikioni, akaondoka na mabuti yake yakilia kwenye sakafu iliyopigwa nta.

Bi Verlene alimpeleka mtoto darasani mwenyewe. Katikati ya ukumbi Keyonna akasimama.

"Bibi kasema nisipofanya shule inafungwa. Sasa nikifeli je? Inafungwa kwa sababu yangu?"

"Hapana, mpenzi. Wewe ukikaa pale kitini tu, umeshatutoa shimoni. Ukikosa jibu, kosa ni letu sisi tuliotakiwa kukufundisha. Umenielewa?"

"Kwa hiyo nikikosa, mnafeli nyinyi?"

"Ndiyo."

Keyonna akafikiri. "Nitajitahidi msifeli," akasema, akaingia.

Mama Ozella hakwenda nyumbani. Aliomba kiti, na kwa kuwa ukumbini vilikuwepo vile vidogo vya watoto tu, akakaa juu ya kimoja, magoti yamempanda kifuani, mkoba juu ya magoti, kofia yake ikifika nusu ya ukuta. Toka hapo ukumbi ule ulikuwa wake. Mfagiaji alipokuja na mashine ya kusugua sakafu, alioneshwa kidole kimoja tu, akazima. Walimu walipita kwa ncha za vidole. Pettway mwenyewe alikohoa akakemewa.

"Wewe, si ndiye mwana wa Pettway yule fundi bomba?"

"Ndiye, mama."

"Baba yako alikuwa anakohoa hivyo hivyo kanisani. Toka hapa."

Adhuhuri Keyonna alitoka kula. Alikula kambare wa kukaanga na makaroni, akamaliza, akaomba mkate wa mahindi wa pili, akapewa wa tatu. Saa saba akarudi kwa hesabu. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu Bi Verlene aliacha kiti chake, simu ikiita nyuma yake, akaja kusimama karibu na Mama Ozella. Tangu asubuhi walikuwa hawajaongea. Kupitia kioo cha mlango walimwona mtoto ameinama, ulimi nje kidogo, anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia.

Zilipobaki dakika kumi na mbili kufika saa tisa, mlango ulifunguliwa.

"Nimemaliza," Keyonna akasema. "Nyingine nimebahatisha. Nyingine nazijua kabisa. Bibi, mbona unalia?"

"Kiti hiki kinauma," Mama Ozella akasema.

Ransom Pettway, mkuu wa shule, aliyevaa suti yake nzuri kuliko zote, aliteleza ukutani mpaka akakaa chini sakafuni, akafunika uso. Mfagiaji akampigapiga begani. Bi Verlene akahisi mkono mkavu unashika wake. Mama Ozella hakumtazama. Alikuwa anatafuta msaada wa kuinuka kutoka kwenye kile kiti, na alipokwisha kuinuka, hakuuachia mkono ule upesi.

Mwezi Agosti matokeo yalitoka. Makundi yote ya Quillen yalipita, mengine kwa kusuasua, lakini kupita ni kupita. Bodi ikafuta mpango wa kufunga shule, na mzungu mmoja kutoka ofisi ya wilaya alikuja kupiga picha na kuzungumzia uongozi bora. Bi Verlene alimpa kahawa baridi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala saa tisa mfululizo, kitu ambacho hakikumtokea tangu majira ya baridi.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, Lashunda aliingia ofisini na mabuti yake, bahasha mkononi. Akatandaza karatasi juu ya kaunta.

"Nisomee hapa. Maandishi madogo yananichosha."

Bi Verlene akavaa miwani. "Kusoma, bado yuko chini. Atahitaji msaada, na atapata, nitahakikisha. Hesabu, amefikia kiwango. Kafikia, Lashunda."

"Kafikia?"

"Ona hapa."

Lashunda aliweka kidole chenye kovu la kisu juu ya jina. "Wameliandika lote. Keyonna Renee Strong." Akakaa nalo kidogo, anatabasamu. Halafu akauliza, "Na yangu iko wapi? Zangu za miaka ile."

Bi Verlene alijua swali hili litakuja. Mwezi Juni, shule ikiwa tupu, alishuka stoo akafungua makabati ya zamani mpaka akalipata jalada, na tangu hapo lilikuwa kwenye droo yake ya chini. Angeweza kusema zililowa na kutupwa, na nani angebisha? Akainama, akalitoa, akaliweka juu ya kaunta. Mistari minne, miaka minne, mwandiko mzuri wa Bi Verlene: hayupo, hayupo, hayupo, hayupo.

Lashunda aliisoma polepole, mstari kwa mstari, bila kuomba asomewe.

"Nilikuwa nimeshavaa," akasema. "Kila mwaka. Mama alikuwa ananivua viatu mlangoni."

Bi Verlene aliinamisha kichwa. Machozi yakadondoka juu ya kaunta aliyoifuta mara elfu, na hakuyafuta. Lashunda alimwachia alie kidogo. Kisha akalikunja jalada pamoja na karatasi ya binti yake, akavitia vyote katika bahasha moja.

"Naondoka navyo."

"Ni vyako."

Akafika mlangoni, akageuka. "Jumatatu mnaanza saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

"Atakuwepo," Lashunda akasema, na hapo, kwa mara ya kwanza, akacheka na Bi Verlene. "Tena mama anaoka. Kasema safari hii mle mkijua mnakula nini."

Mabuti yakapiga kelele ukumbini mpaka nje. Bi Verlene akavuta daftari jipya la mahudhurio, lile ambalo kila mwaka hulijaza kwa kufuata alfabeti na hakosei. Mwaka huu, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mtoto mwingine yeyote, aliandika Keyonna Renee Strong. Akaegemea kiti chake, mikono imetulia mapajani, akasubiri Jumatatu.